CHUMBA CHA MLEMAVU SI CHUMBA CHA ZIADA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya mambo ya nyumba. Hakuna mfanyi kazi hapa asiyejua uzito wa neno hilo. Mshahara ukiingia, wa kwanza kupiga hodi ni mwenye nyumba. Duka laweza kukukopesha unga, na shule yaweza kungoja wiki moja, lakini mwenye nyumba hangoji.

Hata hivyo leo sitaanza na nyumba zetu. Nitawapeleka kwanza Uingereza, nipate kuwaeleza mashindano yaliyokuwako huko kwa miaka mingi kati ya wapangaji walemavu na serikali yao. Mashindano hayo yalikuwa juu ya chumba kimoja tu. Yalipita mahakama baada ya mahakama, na ndani yake mna mafundisho ambayo chama cha wafanyi kazi kikiyapuuza kitakuja kujuta. Kisha tutarudi hapa kwetu tutazame mapatano yetu wenyewe.

SHERIA ILIVYOKUWA

Huko Uingereza mtu mwenye kipato kidogo, awe na kazi au asiwe nayo, aweza kupata msaada wa serikali wa kulipa kodi ya nyumba. Wapangaji wengi wa namna hii hukaa katika nyumba za halmashauri za miji, au za mashirika yanayojenga nyumba za watu wa kipato cha chini. Kwa miaka mingi mpangaji wa nyumba hizo alisaidiwa kwa kadiri ya kodi aliyotozwa na kipato alichokuwa nacho. Hakuna aliyeingia ndani kumhesabia vyumba vyake vya kulala.

Mwaka 2012 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kugeuza mambo ya misaada, na kuanzia Aprili 2013 hesabu mpya ikaanza. Ilisema hivi. Mume na mke wapewe chumba kimoja. Kila mtu mwingine aliyetimiza miaka 16 apewe chumba chake. Watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya miaka 16 walale chumba kimoja. Watoto wawili walio chini ya miaka 10 walale pamoja, hata kama mmoja ni mvulana na mwingine msichana. Nyumba ikionekana kuwa na chumba kimoja kupita hesabu hiyo, msaada hukatwa 14 kwa mia ya kodi. Vikizidi viwili au zaidi, hukatwa 25 kwa mia.

Tufanye hesabu tuelewane. Mpangaji ambaye kodi yake ni pauni 100 kwa wiki, na aliyekuwa akisaidiwa kodi yote, sasa atapata 86. Hizo 14 atazitafuta mwenyewe kila wiki, na kwa mwaka zafika pauni 728. Kwa mtu anayeishi kwa posho ya ulemavu, hizo ni fedha za chakula na za kuota moto wakati wa baridi.

Serikali ilitoa sababu zake, nami nitazisema kama zilivyo, maana si haki kumshtaki mtu bila ya kusikia maneno yake. Ilisema fedha za msaada zimekuwa nyingi mno. Ilisema kuna jamaa waliosongamana katika nyumba ndogo, na huku wengine wana vyumba vitupu. Ilisema pia ya kuwa mpangaji wa nyumba ya bwana binafsi alikwisha wekewa kipimo cha vyumba tangu zamani, basi kwa nini huyu asiwekewe? Aliye na chumba cha ziada ahamie nyumba ndogo, au alipe tofauti. Kwa jina la serikali jambo hili liliitwa kuondoa ruzuku ya chumba cha ziada. Wananchi wao waliliita ushuru wa chumba cha kulala, na jina hilo ndilo lililoshika.

Maneno ya serikali yaingia akilini mtu ukiyasikia mara ya kwanza. Lakini wazee walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hebu tuingie ndani ya nyumba hizo tuone ni nani amelala katika hicho chumba kilichoitwa cha ziada.

NANI ALIKUWA NDANI YA CHUMBA

Kabla sheria haijaanza, serikali yenyewe ilikisia ya kuwa wapangaji 660,000 wataguswa, na kila mmoja atapoteza pauni 14 kwa wiki kwa wastani. Katika hesabu hiyo hiyo ilionekana ya kuwa karibu thuluthi mbili ya nyumba zitakazoguswa zina mtu mlemavu. Yaani jambo lililosemwa kuwa ni la watu wanaojinafasi lilikwenda kuwaangukia hasa watu ambao miili yao haiwapi nafasi.

Nitawapa mifano miwili iliyofika mahakamani. Majina sitayataja, kwa maana ni wapangaji kama wewe na mimi.

Wa kwanza ni mama mmoja aliyekaa na mumewe katika nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Ulemavu wake ulimlazimu kulala katika kitanda maalum chenye godoro maalum, na pembeni yake pawekwe kiti cha magurudumu na nafasi ya kumhudumia. Chumbani hapakubaki mahali pa kutia kitanda cha pili, na katika kitanda kile kile watu wawili hawakuweza kulala. Basi mume alilala chumba cha pili, na mume huyo ndiye aliyemtunza usiku na mchana. Karani akafungua kanuni zake akasoma: mume na mke, chumba kimoja. Nyumba ina viwili. Kata 14 kwa mia.

Wa pili ni babu na nyanya huko Wales, waliomlea mjukuu wao mwenye ulemavu mkubwa. Mtoto huyo alihitaji kuangaliwa usiku kucha, na wazee hawana nguvu za kukesha kila siku. Kwa hiyo kila wiki watunzaji walikuja kulala pale kwa zamu, wakatumia chumba cha tatu, na mumo humo viliwekwa vyombo vya mtoto. Karani akasoma tena: wazee chumba kimoja, mtoto chumba kimoja. Cha tatu ni cha ziada. Kata.

Angalieni sana jambo hili, ndugu. Kanuni ilikubali chumba kwa mtunzaji wa usiku kama anayetunzwa ni mpangaji mwenyewe au mwenziwe wa ndoa. Lakini kama anayetunzwa ni mtoto, haikukubali. Na zilipokuja hukumu za mahakama, kama nitakavyoeleza, ikakubali ya kuwa mtoto asiyeweza kulala na mtoto mwenzake kwa sababu ya ulemavu apewe chumba chake. Lakini mke asiyeweza kulala na mumewe kwa sababu ile ile hakupewa. Ulemavu ni mmoja na haja ni moja, ila karatasi imewagawanya.

Wako waliosema, basi na wahame. Kuhama ni rahisi mdomoni. Nyumba ya mlemavu mara nyingi imekwisha tengenezwa: milango imepanuliwa ili kiti kipite, bafu limeteremshwa, mitambo ya kumwinua mtu imetiwa darini. Ukimhamisha, kazi hiyo yote yaanza tena kwingine kwa fedha ya umma. Na nyumba ndogo zenyewe, za chumba kimoja, hazikuwa za kutosha. Mtu aliambiwa aende mahali ambapo hapapo, na asipokwenda alitozwa kwa kutokwenda.

MFUKO WA HURUMA

Sasa nafika kwenye kiini cha maneno yangu. Serikali ilipoulizwa juu ya walemavu haikusema, waache wateseke. Ilisema kuna mfuko wa fedha uliowekwa kwenye halmashauri za miji, na mwenye shida maalum aende akaombe. Halmashauri ikiona yafaa, itamlipia ile tofauti. Na kweli wengine walilipiwa. Hata wale babu na nyanya wa Wales halmashauri yao iliwapa msaada huo.

Basi mtu aweza kuuliza: ikiwa fedha zilipatikana, ugomvi ni wa nini?

Ugomvi ni huu. Fedha za mfuko ule zilikuwa na kikomo, zikimalizika zimemalizika. Zilitolewa kwa muda, na muda ukiisha mtu alirudi na karatasi zake kuomba upya, akaeleze tena siri za mwili wake mbele ya karani mwingine. Na afisa aliyekuwa na hiari ya kusema ndiyo alikuwa na hiari pia ya kusema siyo, wala mwombaji hakuwa na ahadi yoyote mkononi ya kesho.

Mtu ambaye ulemavu wake ni wa maisha alipewa msaada wa miezi. Mwili wake hautageuka mwakani. Kwa nini haki yake igeuke?

Jambo hili lilikuwa limekwisha semwa mahakamani kabla ya ushuru ule kuanza. Tarehe 15 Mei 2012 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilitoa hukumu juu ya wapangaji watatu wa nyumba za watu binafsi. Wawili walikuwa watu wazima waliohitaji watunzaji wa usiku, na wa tatu alikuwa baba wa mabinti wawili walemavu ambao hawakuweza kulala chumba kimoja. Serikali ilijitetea kwa maneno yale yale: kuna mfuko, waende wakaombe. Mahakama ilikataa. Ilisema msaada wa hiari, ambao kiasi chake hakijulikani na muda wake haujulikani, hauwezi kujaza pengo la haki. Na ilisema neno lingine kubwa: kubagua si kuwatenda vibaya watu walio sawa peke yake. Ni kubagua pia kuwapima kwa kipimo kimoja watu ambao hali zao ni mbali mbali. Ukimpa kila mtu viatu vya kadiri moja na kusema umewatendea sawa, yule mwenye mguu mkubwa umemwacha pekupeku.

Maneno haya, ndugu wanachama, yafaa tuyaandike kwenye ukuta wa ofisi ya tawi.

NJIA NDEFU YA MAHAKAMA

Msidhani ya kuwa baada ya hukumu hiyo mambo yalikwisha. Yule mama wa kitanda maalum alikwenda Mahakama Kuu pamoja na wenzake, na mwezi wa Julai 2013 akashindwa. Akakata rufaa, na mwezi wa Februari 2014 akashindwa tena. Wale babu na nyanya nao walishindwa mara ya kwanza, lakini mwezi wa Januari 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki. Serikali haikukubali, ikapeleka rufaa mbele.

Tarehe 9 Novemba 2016, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu juu ya kesi zote pamoja. Hukumu ilisomwa kwa jina la jaji Lord Toulson. Mama alishinda, na babu na nyanya wakashinda. Mahakama iliuliza swali ambalo hata mtoto wa shule angeuliza: ikiwa mtoto asiyeweza kulala na nduguye kwa ajili ya ulemavu apata chumba, kwa nini mke asiyeweza kulala na mumewe kwa ajili ya ulemavu asipate? Na ikiwa mtu mzima apata chumba cha mtunzaji, kwa nini mtoto asipate? Serikali haikuwa na jibu lenye akili. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2017 kanuni zikabadilishwa, na vyumba hivyo viwili vikaandikwa ndani.

Lakini je, wale waliokatwa fedha kati ya 2013 na 2017? Mtu mwingine mwenye hali kama ya yule mama alidai fedha zake za nyuma. Akaambiwa kanuni ya wakati huo ilikuwa vile, wala karani hana mamlaka ya kuipita. Naye akaenda mpaka Mahakama ya Juu. Tarehe 13 Novemba 2019 majaji walisema kwa sauti moja, kwa kalamu ya Lady Hale, ya kuwa kanuni ndogo iliyotungwa na waziri ikivunja haki za binadamu zilizolindwa na sheria ya Bunge, basi halmashauri na mabaraza ya rufaa hayana ruhusa ya kuifuata. Hivi ndivyo haki ilivyorudi nyuma kuwakuta wale iliowapita.

Hesabuni miaka wenyewe. Kutoka Aprili 2013 mpaka Novemba 2016 ni zaidi ya miaka mitatu na nusu, kwa swali la chumba kimoja. Wale wapangaji hawakuwa na mali. Walisimama kwa sababu nyuma yao walikuwako wanasheria na vyama. Kesi ya babu na nyanya, kwa mfano, ilishikwa na chama kinachotetea watoto maskini, Child Poverty Action Group. Mtu mmoja peke yake angechoka katika mwaka wa kwanza.

WALIOACHWA NJE

Nisipowaeleza ya walioshindwa nitakuwa nimewapa nusu ya habari. Siku ile ile ya Novemba 2016 wako walemavu waliotoka mahakamani mikono mitupu. Mmoja alikuwa baba aliyegawana malezi ya mtoto wake mlemavu na mama wa mtoto, na chumba cha pili kilikuwa cha mtoto siku anazokuja. Mwingine alikaa na binti yake mtu mzima, mlemavu, katika nyumba iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya binti huyo, naye hakutaka kumng'oa pale. Mahakama ilisema hawa haja yao ya chumba cha ziada haionekani waziwazi kwa sababu ya ulemavu wenyewe. Kwa hiyo ule mfuko wa hiari wawatosha.

Alikuwako pia mwanamke aliyetishwa maisha yake na mwanamume, na polisi walikuwa wamemtengenezea nyumba yake kwa mlango wa nguvu na mahali pa kujificha. Naye alishindwa kule, mpaka tarehe 24 Oktoba 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg ilipompa haki. Yule mzazi mwenye binti mtu mzima hakuipata hata huko.

Basi ushuru wenyewe haukufutwa na kesi hizi. Zilichimba milango ukutani, na ukuta ukabaki. Huko Scotland serikali ya huko imeamua kuwalipia wapangaji wote ile tofauti kwa fedha yake, na Ireland ya Kaskazini nayo imeweka fidia. Lakini kwa England na Wales, aliye nje ya milango ile hubaki kuomba.

Hapa naona somo la kwanza. Kipimo kikisha andikwa vibaya, kukirekebisha kwa kesi moja moja ni kazi ya miaka, na daima wako watakaobaki nje. Wakati wa kusema ni siku kipimo kinapoandikwa.

MAMBO HAYA YATUHUSU NINI?

Najua mmoja wenu atasema: Ndugu, hayo ni ya Uingereza. Sisi hatuna serikali inayotulipia kodi. Wenzetu wagombania chumba cha tatu, na mimi nakaa chumba kimoja na watoto wanne.

Maneno hayo ni ya kweli. Lakini hesabu ya kupima watu kwa kipimo kimoja sisi twaijua kuliko Waingereza. Wazee wetu waliofanya kazi Nairobi wakati wa ukoloni walipewa nafasi ya kitanda, si nyumba. Mshahara ulihesabiwa kwa haja za mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto, kana kwamba jamaa yake haipo duniani. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilikubali ya kuwa kipimo hicho hakifai, na ya kuwa mshahara upimwe polepole kwa haja za mtu na jamaa yake. Kwa nini kilikuwa hakifai? Kwa sababu aliyekiandika alimtazama mfanyi kazi asimwone mtu.

Na leo? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamwambia tajiri ampe mfanyi kazi nyumba inayofaa karibu na kazi, au amlipe, juu ya mshahara, fedha za kutosha kupanga nyumba inayofaa. Amri za mishahara ya chini zimezoea kutaja posho ya nyumba ya 15 kwa mia ya mshahara wa msingi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya makao yanayofikika na yanayotosha. Kifungu cha 27 chakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu, na kifungu cha 54 chataka mlemavu atendewe kwa heshima. Maneno ni mazuri. Lakini 15 kwa mia ni kipimo cha mshahara. Hakiulizi nyumbani kuna nani.

Mfikirieni mfanyi kazi aliyeumizwa na mashine na sasa anakwenda kwa magongo, naye amepewa nyumba ya kampuni ghorofa ya tatu isiyo na lifti. Mfikirieni mama mwenye mtoto asiyejiweza anayehitaji yaya wa kulala naye usiku ili mama aweze kuamka kwenda zamu ya asubuhi. Neno "nyumba inayofaa" lafaa nini kwao kama hakuna aliyelieleza? Tajiri mwema atasema, njoo ofisini tuzungumze. Huo ndio mfuko wa huruma tena. Siku bwana yule akihamishwa, huruma yake yahamishwa naye.

Kwa hiyo naleta mbele yenu mambo manne, mwenyekiti akiruhusu mwayajadili.

La kwanza: mapatano yetu na matajiri yatakapofunguliwa tena, kiandikwe kifungu kinachosema wazi ya kuwa mfanyi kazi mlemavu, au anayemtunza mlemavu nyumbani, atapewa nyumba ya chini, au chumba cha kuzidi, au nyongeza ya posho kwa kadiri ya haja yake. Kiandikwe "atapewa". Kisiandikwe "aweza kufikiriwa".

La pili: ushahidi uwe mmoja na utoshe. Barua ya daktari ikisema ulemavu ni wa kudumu, mtu asirudishwe kila mwaka kuthibitisha ya kuwa mguu uliokatwa haujaota.

La tatu: halmashauri ya tawi ipite nyumba za kampuni, moja baada ya moja, ione nani anakaa wapi. Wale majaji wa Uingereza walielewa pale walipoelezwa kitanda kiko wapi na mtunzaji analala wapi. Nasi tukienda mezani na tajiri, twende na habari kama hizo.

La nne: tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mfanyi kazi hukatwa 1.5 kwa mia ya mshahara wake, na tajiri huongeza 1.5. Kwa kuwa fedha hizo zatoka mifukoni mwetu, tunayo haki ya kuuliza jinsi nyumba zile zinavyogawanywa, na mlango wake una upana gani. Tuulize sasa, kuta zikingali zajengwa.

Ndugu wanachama, wako watakaosema jambo hili ni la watu wachache, na chama kina mambo makubwa ya mishahara. Nawajibu hivi. Hakuna hata mmoja hapa aliye na hati ya kuwa mzima mpaka kustaafu. Kila anayeshika msumeno, kila anayepanda gari, kila anayebeba gunia, yu karibu na magongo kuliko anavyodhani. Kifungu tukachomwandikia mwenzetu mlemavu leo, tutakuwa tumekiandika kwa ajili ya yeyote kati yetu kesho. Na hata kama kesho hiyo haitakuja kwako, huyo ni mwanachama aliyelipa ada kama wewe.

Karani wa Uingereza alihesabu vyumba asihesabu watu. Sisi tuhesabu watu kwanza, kisha tuandike vyumba.

 Mwenye swali na aulize.